Murembe Ndani ya Basi la Mgiriki

Tulimzika Nafula mwezi wa Agosti, na hata viti vya matanga tulivyoazima havikuwa vimerudi vyote kwa wenyewe, yule mama wa Kizungu aliposhushwa na teksi kwenye lango langu hapa Kabuchai. Nywele zilikuwa nyeupe, viatu vya chini, mkoba mkubwa begani. Nikadhani ni watu wa maji au wa vyoo, maana hao hawaishi kuja. Akasimama mbele yangu akanisalimu kwa Kiswahili cha jikoni Kitale, kile cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia miaka hamsini. "Hodi, Mzee. Wewe Wanjala fundi? Mimi Eleni, mtoto ya Stavro." Nitasema ukweli wangu, na anayetaka kunihukumu anihukumu: sikufurahi. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimpa kiti kwa sababu mama yangu alinifunza adabu, na mjukuu nikamtuma chai, lakini moyoni nilikuwa nasema, afadhali, Mungu si Athumani, ameniletea mtoto baada ya kunikosesha baba, na huyu leo ataondoka hapa akimjua babake. Yeye akanywa chai yake taratibu. Kisha akatoa kitu mkobani kilichofungwa kwa leso, akakifungua juu ya meza. Kilikuwa kipande cha mti, kirefu kama kiganja, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, kabari ya kawaida ya fundi. Nikakitambua kabla hajaondoa mkono. Alama za randa yangu zilikuwa bado ziko juu yake.

Akaniuliza, "Hii mti gani, Mzee?" Sikumjibu papo hapo, na wewe pia nitakungojesha, kwa sababu huwezi kujua kabari ile ni nini mpaka ujue mwaka ule. Ulikuwa mwaka wa kabla ya vita vya Hitla. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, fundi seremala niliyetoka shule ya misheni na msumeno wangu mwenyewe, na nilikaa Kibomet, Kitale, katika chumba kimoja na kaka yangu Simiyu na mkewe Nafula. Chumba tulikigawa kwa pazia la magunia ya unga. Upande wao kulikuwa na kitanda, sanduku la bati na Biblia. Upande wangu mkeka na vyombo vya kazi. Asubuhi nilikuwa nasikia Nafula akipiga pasi kaptula ya Simiyu kwa pasi ya makaa, akimgombeza, "Simama kando bana, unanikunjia nguo na sijamaliza hata kuzikunjua," na Simiyu akicheka. Jioni tulikula ugali wa wimbi na mrenda, watatu sahani moja, na Simiyu ndiye aliyeomba kabla ya kula, maombi marefu mpaka mrenda unapoa. Pombe hakuonja maishani mwake. Kanisa letu lilikataza, na mtu akionekana kwenye kilabu cha busaa jina lake lilikatwa kwenye kitabu cha washirika kwa wino mwekundu. Wengi walikuwa wanajificha wakinywa. Simiyu alikuwa hanywi hata akifichwa. Liweke neno hilo moyoni, kwa maana ndilo lililoniua mimi.

Sote wawili, mimi fundi na Simiyu dereva, tuliandikwa kazi na Mgiriki mmoja aliyeitwa Stavro, ambaye watu wa kwetu walimwita Sitavulo na hakuna aliyewahi kumrekebisha mwenzake. Yeye ndiye aliyeanza kubeba abiria kutoka Kitale kuja Bungoma. Kabla yake mtu alipanda juu ya magunia ya mahindi kwenye lori la Mhindi, au alitembea siku mbili. Wakati ule basi halikuja likiwa basi. Lililokuja kwa treni ni chesisi tu, yaani fremu ya chuma, injini, usukani na magurudumu manne, na dereva akilitoa stesheni alikaa juu ya debe. Mwili wote wa basi, nguzo, sakafu, paa na viti, tuliujenga kwa mbao kwenye karakana nyuma ya nyumba ya Stavro, mimi na yeye. Nasema mimi na yeye kwa sababu alikuwa fundi, siwezi kumnyima hilo. Mikono yake ilikuwa na manyoya kama ya nyani, na jicho lake lilijua mstari ulionyooka bila kamba. Saa sita mkewe alileta mkate, nyanya, jibini ya chumvi na zeituni zile nyeusi, na Stavro alinikatia mkate kwa mkono wake tukala juu ya benchi moja. Mzungu mwingine wa Kitale hangefanya hivyo. Lakini pia wazungu wa Kitale hawakumhesabu. Siku moja setla mmoja alileta trela itengenezwe, Stavro akamuuliza kuhusu kuingia klabu yao, na yule akacheka akasema mbele yangu kwamba klabu haijafikia kuchukua wauza samaki. Stavro alichukua randa akauranda ubao mpaka ukabaki mwembamba wa kutupwa. Siku ile nilimwonea huruma, na huruma ile naijutia mpaka leo.

Basi la pili ndilo lenye hadithi. Mbele, viti viwili vya mto kwa wazungu, ambao hawakupanda hata siku moja. Nyuma yake benchi za Wahindi. Halafu wavu wa chuma, na nyuma ya wavu, sisi, kwenye mbao tupu. Ilikuwa Desemba, na watu wetu wote waliofanya kazi kwenye mashamba ya Trans-Nzoia walikuwa wanataka kurudi Bungoma kwa Krismasi. Stavro alikuwa ameapa basi litakuwa barabarani kabla ya hapo. Mvule mkavu ulikwisha tukiwa bado na boriti za chini, zile zinazoshika mwili wote juu ya chesisi. Akaleta mbao ya podo kutoka kiwanda cha mbao mlimani, imepasuliwa juzi, nzito kwa maji. Nilipopiga msumari wa kwanza, maji yalitoka pembeni mwa msumari. Nikamwambia, "Bwana, hii mbao bado inalia." Akasema, "Krismasi hapana ngoja mbao, Wanjala." Na boriti zikaingia, zikafungwa bolti, zikapakwa rangi ya buluu, na mtu akitazama kwa nje asingejua kitu.

Krismasi ile ilikuwa raha, na kusema uongo sitasema. Simiyu alivaa kofia ya dereva. Wanawake wa Kanduyi walilipigia basi vigelegele, watoto wakalikimbiza wakila vumbi. Siku moja basi lilikuwa linarudi karibu tupu, na Nafula alikuwamo, nyuma ya wavu, akienda kumwona mama yake. Walipopita Chwele, Simiyu akasimamisha gari katikati ya barabara, akashuka, akamfungulia mlango wa mbele. "Kuja ukae hapa, mama." Nafula akakataa, akakubali, akakaa kwenye mto wa wazungu kutoka Chwele mpaka mto Kuywa, mikono imeshika magoti, akiogopa hata kuegemea. Alinihadithia jioni huku anapakua. "Shemeji, kile kiti kinakumeza! Ukikikalia unasahau hata deni la mbegu." Simiyu akamwambia siku moja atamtoa Bungoma mpaka Kitale amekaa pale pale. Nafula alikaa kwenye kiti kile mara hiyo moja tu.

Januari na Februari jua likawaka, na podo ikafanya kile ambacho podo mbichi hufanya. Ilikauka, ikanywea, bolti zikabaki zinacheza kwenye matundu yake. Simiyu aliniambia juu ya sahani, "Gari linalia upande wa kushoto, Wanjala. Nikikata kona, mimi natangulia, paa linanifuata baadaye." Nilienda nikakaza. Wiki iliyofuata zikalegea tena. Simiyu akamwambia Stavro mwenyewe, nami nikisikia, na Stavro akajibu, "Baada ya Pasaka tutabadilisha yote." Pasaka haikufika. Mwezi wa tatu mvua ya kwanza ilishuka, barabara ikawa sabuni, na basi lilikuwa limejaa, juu ya paa magunia ya viazi. Kwenye mteremko wa Kuywa, Simiyu alipokata ile kona ya mwisho kabla ya daraja, mwili wa basi ulihama juu ya chesisi, ukavuta kila kitu upande wa kushoto, likalala. Watu walivunjika mikono na miguu. Aliyekufa ni mmoja. Alikuwa ameshikilia usukani mpaka mwisho, na usukani ndio uliompasua kifua.

Siku ya pili yake inspekta wa polisi alikuja nyumbani kwa Stavro. Walikaa verandani wakinywa kahawa kwenye vikombe vidogo, na mimi nilikuwa karakana, ukuta wa mbao tu kati yetu. Kizungu changu kilikuwa cha misheni, cha kuombea chaki, lakini neno la ulevi kila Mwafrika wa Kitale alilijua, maana ndilo tulilotukaniwa kila siku. Nililisikia mara tatu. Inspekta aliuliza kama gari lilikuwa na kasoro. Stavro akasema gari ni zima, bodi ni nzuri, fundi wake ni mzuri, dereva alikuwa amelewa. Inspekta akaandika, akamaliza kahawa, akasifu kahawa. Basi. Imekwisha. Mtu ambaye hakuonja pombe tangu azaliwe akawa mlevi kati ya kikombe na kisosi.

Habari ikafika Kabuchai kabla ya maiti. Tulipofika na jeneza, nililolipigilia mwenyewe kwa mvule mkavu, mzee wa kanisa alikuwa amesimama na kitabu cha washirika mkononi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinichoma kuliko angetutukana. "Serikali imeandika alikuwa amekunywa," alisema. "Mimi ni nani nipinge serikali? Jina nimelikata. Mzikeni, lakini kanisa haliwezi kuimba." Nafula hakulia. Alimwuliza, "Wewe ulimjua Simiyu?" Mzee akasema alimjua. "Basi ulimwona wapi na pombe?" Mzee akakifunga kitabu. Tulimzika hivyo hivyo, wanaukoo tu, waimbaji wamekaa mbali chini ya miti na vitabu vyao vya nyimbo mapajani. Nafula akaanzisha wimbo peke yake, akaumaliza peke yake, beti zote nne. Nilisimama kando ya lile kaburi nikaapa kwamba Mgiriki atalilipa.

Nilirudi kazini. Watu walinishangaa, ati nina moyo gani wa kumfanyia kazi yule mtu. Nilikuwa na moyo wa kulipiza, na kisasi hakifanyiki ukiwa mbali. Stavro alilivuta basi mpaka karakana, na safari hii akaleta mvule mkavu, mzuri, wa bei, hakuna hata ubao mmoja wa podo. Si unaona? Alijua! Mkono wake ulikiri kile ambacho mdomo ulikataa. Tulijenga upya wiki sita. Mara nyingi nilishika bolti nikafikiri, nikiiacha hii legelege hakuna atakayejua. Lakini nani anapanda nyuma ya wavu? Ni mama yangu, ni mashangazi zangu. Nikaikaza kila bolti mpaka ikalia. Nilitaka kitu cha kumuumiza yeye peke yake, na hicho nilikijua kilipo.

Kuna mti kwetu unaitwa murembe. Una miiba na maua mekundu, na hauchomwi kuni, haufanywi kigoda, haupigwi panga ovyo. Zamani watu wakishindwa kuamua nani mwongo, waliwapeleka wote wawili kwenye murembe waushike na waape. Anayesema kweli alikwenda zake. Anayedanganya, nyumba yake iliisha mmoja mmoja kama taa zinavyozimwa. Kanisa lilikuja, shule zikaja, na bado hakuna aliyekata murembe. Mimi niliukata. Nilienda Jumamosi saa saba mchana, jua la utosi, nikakata tawi moja la ule ulio juu ya mto, na panga likaniponyoka mara mbili. Jumatatu nikachonga kabari, nikaipiga chini ya benchi la mwisho kabisa, nyuma ya wavu, mahali inaposhikilia miguu ya benchi kwenye sakafu. Haikuharibu kitu. Benchi lilikaa imara kuliko mengine.

Kisha nikamwambia mtu mmoja. Nafula alikuwa ameanza kuuza ndizi Kanduyi, pembeni mwa barabara ambapo basi lilisimama. Nikamnong'oneza, "Shemeji, chini ya benchi la nyuma kuna murembe." Akaniuliza, "Wewe ndiye umekata?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini usiende tu kanisani useme boriti ilikuwa mbichi?" Nikamwambia nani atanisikiliza mimi, Mwafrika, mbele ya neno la inspekta. Alipanga ndizi zake upya, ingawa zilikuwa zimepangwa vizuri. Nadhani alimwambia mwenzake wa karanga, na huyo hakuwa na breki. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imefika Chwele.

Na hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Basi la Sitavulo lilifika Kanduyi, buluu inang'aa, likapiga honi, na watu wote wakalitazama kama wanatazama mvua iliyo mbali. Hakuna aliyepanda! Maana kukalia murembe ni sawa na kula kiapo, na nani ana hakika na nafsi yake? Mwalimu wa shule, mwenye tai na cheti, alisema ameamua kutembea kwa sababu ya afya. Mzee wa kanisa, yule yule wa kitabu, alikuwa na mkutano Kitale. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, akasimama, akafikiri mambo yake anayoyajua yeye, akashusha mguu. "Nimesahau miwani," akasema, na miwani ilikuwa puani. Akaenda Kitale kwa miguu na mkoba kichwani. Wanawake wa sokoni walijifunga leso vinywani wasicheke. Wachache walioweza kupanda walikuwa watoto, na watoto hawalipi.

Stavro alichanganyikiwa. Kwanza alishusha nauli. Halafu alidhani ni roho ya Simiyu, kwa sababu dereva mpya alimwambia hivyo, akanunua kondoo wawili akawachinja kwenye daraja la Kuywa akaalika watu. Walikuja, wakala nyama mpaka mifupa, wakajifuta midomo, wakamshukuru, wakaenda nyumbani kwa miguu. Akapaka basi rangi nyekundu. Akatundika picha ya mtakatifu wake mbele ya dereva, na kitaa kidogo. Aliniuliza kila siku, "Wanjala, watu nasema nini?" na mimi nikajibu, "Sijui, bwana," huku nikila mkate wake na zeituni zake. Zilikuwa tamu! Sitakuficha, sijawahi kula kitu kitamu kama zeituni za mwezi ule. Nilimtazama akikonda, nikamtazama mkewe akiuza cherehani yake, na kila usiku nikalala fofofo.

Mwezi wa tisa akaanza kulibomoa basi, benchi moja moja, akitafuta. Alifanya kazi ile peke yake, hakuniita. Niliingia karakana nikamkuta amepiga magoti kwenye sakafu ya nyuma na kabari iko mkononi. Fundi akishika mbao anajua kama ni ya familia moja na zingine, na ile haikuwa mvule. Aliinusa. Akaipima uzito. Akanitazama, nami nikamtazama. Akaitia mfukoni. Baada ya mwezi alikuwa ameuza basi kwa mfanyabiashara wa Bungoma aliyelifanya lori la mahindi, na yeye na familia wakapanda treni wakaenda zao. Kitoto chake cha kike, Eleni, kilinipungia mkono dirishani. Sikukipungia.

Basi nilikuwa nimeshinda. Hivyo ndivyo nilivyowahadithia watoto wangu na wajukuu, na hadithi yangu huishia hapo, kwa treni. Ndivyo nilivyotaka kumhadithia Eleni vile vile. Nilimwambia jina la mti na kazi yake, nikamwambia habari ya Simiyu, ya kitabu, ya wimbo wa Nafula, yote, sikumpunguzia hata chembe. Alilia, na mimi nikaona ni halali yake. Alipomaliza kulia akasema, "Baba yangu aliweka hii juu ya meza yake mpaka akakufa. Akasema nikifika huku nitafute wewe. Akasema, mwambie Wanjala, tulikuwa wawili."

Mgiriki yule! Hata kaburini hajaacha kunibana. Nilisimama nikataka kumfukuza mtoto wake. Nikanyoosha mkono niishike kabari, niape mbele yake kwamba babake ni mwongo, na mkono wangu ukakataa. Ulibaki hewani juu ya meza kama mkono wa mtu aliyesahau alichotaka kuchukua. Kwa sababu kuna maneno mawili niliyoyaacha nje ya hadithi kwa miaka hamsini, hata hapo juu nimeyaruka, urudi uone. Siku ile ya podo, niliposema mbao bado inalia na yeye akasema Krismasi haingoji, aliweka nyundo chini. Akaniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi, "Lakini itashika?" Na mimi, niliyekuwa nataka kuonekana fundi mkubwa, nikamwambia, "Itashika, bwana." Na siku ya inspekta, kahawa ilipokwisha, Stavro alikuja karakana akanishika bega akasema, "Mimi nasema wewe fundi mzuri. Nasema dereva. Sawa?" Alijua mmoja lazima abebe, ama mimi ama aliyekufa. Nikasema, "Sawa, bwana." Nilisema sawa! Kaka yangu alikuwa bado hajazikwa. Nafula aliponiuliza kwa nini nisiende kanisani, alikuwa anajua, au karibu kujua, na hakuniuliza tena mpaka tulipomfukia mwezi wa Agosti. Alikwenda akiwa mjane wa mlevi, ilhali jirani yake, mimi, nilikuwa na dawa mdomoni muda wote.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani na kabari mfukoni. Eleni alikaa nyuma. Mchungaji ni kijana, alinipa nafasi akidhani ninataka kushukuru kwa matanga. Nikasimama, nikaishika murembe kwa mikono miwili mbele ya watu, na wazee watatu waliobaki wakashtuka vitini. Nikasema yote, pamoja na yale maneno mawili. Vijana hawakuelewa sana. Nilimwona mmoja anatazama saa yake. Baada ya ibada katibu wa kanisa, msichana wa juzi juzi, alikitoa kile kitabu cha zamani kabatini, kimeliwa na mende, na tukaipata karatasi. Wino mwekundu ulikuwa umefifia ukawa rangi ya kutu, lakini mstari ulikuwa pale pale, umepita katikati ya jina la kaka yangu. Akaliandika upya pembeni: Simiyu, mshirika. Kisha akaniita babu kwa lugha ya kwetu, akaniuliza, "Kuka, hapa kwenye sababu ya kusahihisha, niandike nini?"

Nikamwambia aandike hakunywa pombe, alisingiziwa. Akaandika. Akauliza alisingiziwa na nani. Nikamwambia, "Andika Stavro, Mgiriki wa Kitale. Andika vizuri, kwa herufi kubwa, asije akatoroka tena. Na Wanjala, fundi, ndugu yake Simiyu."

Akainamisha kichwa akaandika. Jina langu aliliandika kwanza.